Kupata wateja kwa kushiriki makundi ya mtandaoni: maswali tunayoulizwa sana na wafanyabiashara wa Arusha na Moshi

Ukurasa huu ni wa fundi, muuza miche, mpishi wa shughuli, mwenye kampuni ndogo ya utalii na wenzao wasio na fungu la kulipia matangazo kila wiki, ila wana simu, bando na kazi wanayoijua. Maswali tumeyaacha jinsi yalivyoulizwa.

Si wanasema biashara matangazo? Kwa nini nisilipie tu?

Lipia kama hela ipo. Tangazo la kulipia hufanya kazi siku ulizolipia tu, salio likiisha limezimika. Halafu linamkuta mtu akiangalia mambo yake mengine kabisa. Kundini ni kinyume: mtu ameandika mwenyewe shida aliyonayo leo, "Naombeni fundi friji Moshi mjini." Huyo hana haja ya kushawishiwa. Kilichobaki ni akuamini wewe kuliko wengine kumi watakaomwaga namba zao chini ya swali lake.

Wapo wanaosema chema chajiuza. Tumeona vyema vingi vikikaa stoo mwaka mzima.

Nianzie kundi gani?

Anzia ulipo tayari. Fungua simu uhesabu: kundi la ukoo, la mliomaliza shule pamoja, jumuiya, kikoba, kamati ya harusi, majirani wa mtaa, wenyeji wa kijiji chenu. Humo unajulikana ni mtoto wa nani, na hiyo ni dhamana ambayo tangazo halinunui. Mtu wa Njiro asiyekufahamu atasita kukukaribisha nyumbani kwake uangalie friji. Wa jumuiya yako hatasita.

Kisha chunguza jambo moja: humo watu huuliza, au hutangaza tu? Pitia meseji za wiki nzima zilizopita. Ukikuta maswali ya kweli ("nani anajua pa kupata…", "hivi kuna mtu ameshawahi…"), kaa. Ukikuta picha za bidhaa zimepangana na hakuna anayemjibu mwenzake, toka bila kuaga.

Tungependa mtu wa Kilimanjaro ayape uzito wa pekee makundi ya wenyeji wa Kibosho, Rombo, Machame au Marangu wanaoishi Dar, Mwanza na nje ya nchi. Mwaka mzima ni salamu na michango ya misiba. Krismasi ikikaribia yanawaka: nani atapaka rangi nyumba ya mzee, tanki limeziba, maturubai yapo kwa nani, mbuzi wa ndafu anauzwaje mwaka huu. Anayeanza kujibu maswali hayo Oktoba, kwa utulivu, Desemba anakosa nafasi kwenye ratiba yake. Anayeibuka tarehe 20 Desemba na bango la ofa anakuta watu wameshapeana kazi.

Yapo pia makundi ya Watanzania walioko Marekani, Uingereza na kwingine, wanaojenga nyumbani kwa simu. Hofu yao kubwa ni moja, kutapeliwa. Mtu atakayewaeleza namna ya kugawa malipo kwa hatua (msingi, boma, kupaua), na picha gani wadai kabla ya kutuma hela ya hatua inayofuata, ameshajitambulisha kuliko kadi yoyote ya biashara. Kama wewe ni fundi ujenzi, hiyo ndiyo mada yako.

Mwisho, sehemu za wazi: magrupu ya Facebook ya wafugaji na wakulima, JamiiForums iliyopo tangu 2006, na kwa watu wa utalii TripAdvisor na Reddit, mitandao ambako wageni huulizana kuhusu safari. Tofauti yake na WhatsApp ni umri wa jibu. Ulichoandika WhatsApp asubuhi, jioni kimezikwa na video za kufowadi. Ulichoandika mahali pa wazi kinaweza kuokotwa na mtu wa Google miaka mitatu baadaye, ukiwa umeshasahau kwamba uliandika.

Na makundi ya "Nunua na Uza Arusha"?

Humo kuna wauzaji watupu. Kila mmoja anaposti na kufunga simu, hakuna anayesoma. Kwa vitu vya kumaliza haraka, kochi lililotumika au simu ya mkononi, sawa. Kwa kazi inayohitaji kuaminiwa, unachoma bando.

Nikijibu bila kuweka namba yangu, watanipataje?

Kwenye WhatsApp namba yako inaonekana tayari. Mtu anabonyeza jina lako tu. Kwa hiyo shughulika na kile atakachokikuta akibonyeza. Tumia WhatsApp Business. Programu ni ya bure, ipo tangu 2018, na inakupa nafasi ya jina la biashara, mahali, saa za kazi na katalogi ya bidhaa zenye bei. Picha iwe ya sura yako au ya kazi yako, isiwe gari la ndotoni wala mstari wa kumsema mtu. Sehemu ya maelezo andika unachofanya na mji: "Fundi friji na majokofu, Moshi na vitongoji."

Facebook, Reddit na kwingineko namba haionekani. Weka kiungo kwenye wasifu wako: wa.me, mkwaju (/), 255, kisha namba yako bila sifuri ya mwanzo. Mtu akibonyeza, mazungumzo yanafunguka. Usikibandike kiungo hicho chini ya kila komenti.

Jibu zuri likoje? Mimi naona nikisema "nipo, nicheki" inatosha.

Haitoshi, kwa sababu na wengine kumi wameandika hivyo hivyo. Chukua mfano. Dada mmoja wa Majengo ameandika: "Jamani friji yangu juu inagandisha vizuri ila chini haipoi kabisa, chakula kinaharibika. Fundi?"

Majibu ya kawaida ni namba za simu, vidole gumba, na mmoja atakayesema "hiyo gesi imeisha." Sasa soma hili:

"Pole dada. Kama juu inagandisha vizuri, usikimbilie gesi. Mara nyingi barafu imejaa ndani nyuma ya ule ukuta na kuziba njia ya hewa ya kushuka chini. Toa vyakula, chomoa kwenye umeme, acha milango wazi siku nzima hadi iyeyuke yote, weka taulo chini. Ukiwasha tena ikapoa vizuri, halafu baada ya siku kadhaa ikarudia, basi kifaa cha kuyeyusha barafu au sensa yake ndiyo imekufa, hicho kinabadilishwa. Ikikataa kabisa, angalia kama feni ya ndani inazunguka. Asikujazie mtu gesi kabla ya kuyaangalia hayo."

Hakuna namba, hakuna "karibuni sana wateja." Ila dada amepewa kitu cha kufanya leo bila kulipa, ameonywa juu ya gharama isiyo ya lazima, na barafu ikirudi wiki ijayo ana mtu wa kumpigia. Wapo pia wale waliosoma kimya. Wana friji zao, watoto wao wanakwenda shule, hawakuandika neno. Hao ndio wengi, na ndio watakaokutafuta miezi ijayo wakisema "wewe si yule uliyeelezaga mambo ya friji?"

Kuna wanaoogopa kwamba wakitoa siri mteja atajitengenezea mwenyewe. Wachache watafanya hivyo, na hao wasingekulipa hata hivyo.

Kwa hiyo nisiuze kabisa?

Uza ukiulizwa. Mtu akisema "na wewe unafanya hizi kazi?", jibu kwa wazi, taja eneo unalofika na bei. Kinachoharibu ni kugeuza kila swali kuwa mlango wa duka lako.

Jaribu hata kumkatalia mteja. Muuza miche ya parachichi aina ya Hass akiulizwa na mtu mwenye shamba la bondeni ambalo maji husimama mvua za masika, jibu la kweli ni: hapo usipande mpaka utengeneze mifereji au matuta, maana mizizi itaoza. Amepoteza mauzo ya miche hamsini mbele za watu. Wote waliosoma wamejua kwamba huyu hauzi tu ili auze, na mwenye shamba la mteremko Siha anaanza kumtafuta.

Bei niandike hadharani au niseme "njoo inboksi"?

Andika. Hatujui nani alianzisha huu ugonjwa wa "bei inboksi", lakini mteja wa Kitanzania ameshajifunza maana yake: bei inategemea utakavyoonekana. Asilimia kubwa ya waliotaka kuuliza hawaji.

Kama kazi haina bei moja, toa kiwango cha chini na cha juu, na useme kinachoipandisha: umbali, kifaa, ukubwa. Inboksi tunza kwa mambo ya mtu binafsi, kama mahali anapokaa, namba yake, au tatizo asilotaka shemeji zake wasome.

Mimi nina kampuni ya utalii. Wateja wangu hawapo kwenye kundi la ukoo.

Kweli, na kwako kazi hii ina uzito zaidi kuliko kwa fundi, kwa sababu mteja wako anatuma dola nyingi kwa mtu asiyemjua katika nchi ambayo hajaifika. Kabla ya kulipa husoma kwa miezi. Anasoma majadiliano ya Kilimanjaro TripAdvisor, anasoma Reddit, anasoma magrupu ya Facebook ya wapanda mlima. Maswali yanajirudia kila mwaka: njia gani, mwezi gani, siku ngapi, bakshishi kiasi gani, na mbona kampuni hii bei nusu ya ile.

Hilo la mwisho ndilo dhahabu, na kampuni nyingi za Moshi zinalikwepa au zinalijibu kwa kusifu "quality." Lijibu kwa hesabu. Kwa viwango vya TANAPA vilivyotumika miaka ya karibuni, mgeni hulipiwa ada ya hifadhi dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, uokoaji dola 20 kwa safari, na juu yake VAT ya asilimia 18. Njia ya Machame, siku 7, usiku 6: 490 jumlisha 300 jumlisha 20 ni 810, na VAT inafika karibu dola 956. Hapo hujanunua hata mkate. Anayemuuzia mgeni safari hiyo kwa dola 1,000 amebakiwa na dola 44 za kulipa kiongozi, mpishi, wapagazi, chakula na gari la kutoka Moshi hadi geti. Mwachie msomaji ajiulize nani anagharamia pengo. (Kagua tangazo jipya la ada kabla ya kunukuu, maana hubadilika.)

Jibu kama hilo halitaji kampuni yako wala halimchafui mshindani kwa jina. Linabaki pale, na kila mwezi kuna mtu anayelifikia.

Mambo mengine ambayo wewe unayajua kuliko mtu aliyeko Chicago: kwamba njia ya Marangu kwa siku 5 ni fupi, na siku ya ziada kambi ya Horombo, mita 3,720, huupa mwili nafasi ya kuzoea, kwamba Machi mwishoni hadi Mei ni masika na njia za msituni zinateleza vibaya, kwamba mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na mgeni ana haki ya kuona ukipimwa getini, kwamba mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, una ofisi Moshi na mgeni anaweza kuangalia kama kampuni ni mshirika wao. Kama nawe ni mshirika, au una leseni ya TALA, ile ya wakala wa utalii, sema ukiulizwa. Anayeuliza leseni ni mteja makini, usimwone mkorofi.

Na kanuni: TripAdvisor na vikundi vingi vya Reddit vinakataza kujipigia debe, na vinataka mwenye biashara aseme ni mwenye biashara. Andika mwanzoni, "nafanya kazi ya kuongoza wageni Moshi", kisha jibu swali. Akaunti mpya iliyofunguliwa jana na leo inasifia kampuni moja hufutwa, na wazoefu wa humo wanaitambua kwa harufu. Kosa la kutuma binamu ajifanye mgeni aliyefurahia safari limeua majina ya kampuni zaidi ya moja mjini hapa.

Kiingereza changu si kizuri. Nitumie akili mnemba iniandikie?

Itumie kusahihisha ulichoandika, usiiachie iandike. Ikiandika yenyewe inatoa aya laini zisizo na kitu, na wasomaji wa Reddit siku hizi wanazitimua hapo hapo. Mbaya zaidi, inaweza kumwambia mgeni kwamba kuna hoteli mahali ambapo kuna migomba. Sentensi tano zenye makosa ya sarufi kutoka kwa mtu aliyelala kambi ya Barafu usiku wa upepo zinaaminika zaidi.

Admini amenitoa kundini. Nifanyeje?

Mwandikie faragha, kwa heshima: "Shikamoo kaka, nimeona nimetolewa, samahani kama nilivuka utaratibu, naomba kujua wapi nilikosea." Usimtume mtu akakutetee mle ndani. Wengi wanarudishwa.

Ila kinga ni rahisi. Soma kanuni za kundi kabla ya kuandika. Makundi mengi ya hapa yana siku moja ya biashara kwa wiki. Itumie hiyo kwa tangazo, siku nyingine jibu tu. Kundi la wazazi wa darasani si pa kuuzia sare labda mwalimu mwenyewe aulize. Na kundi la msiba, kaa kimya kibiashara kabisa, hata kama unakodisha viti na maturubai. Ukijulikana kwamba unayo, utapigiwa simu. Usipojulikana, pale si mahali pa kujulishana.

Naweza kuchukua namba za watu wa kundini niwatumie ofa?

Hapana. Watu walijiunga na kundi la wafugaji, hawakukupa wewe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu namba ya simu kuwa taarifa ya mtu, na matumizi yake nje ya lengo alilotolea yanaweza kukuingiza matatani. Hata bila sheria, watu wakikuripoti kwa wingi WhatsApp hufunga namba. Ukifungiwa namba ya biashara uliyoitumia miaka minane, utaikumbuka ofa hiyo.

Njia ya halali ni fupi: aliyekuja mwenyewe, muulize, "Nikipata vifaranga vipya nikujulishe?" Akisema ndiyo, mwandike.

Mtu akiniponda mbele ya watu?

Jibu mara moja, kwa adabu, siku hiyo hiyo. Kama kazi ilikwenda vibaya, sema utakachofanya na lini, kisha ukifanye. Kama anazusha, weka ukweli kwa sentensi mbili na unyamaze. Marafiki wako wasiingie. Mji ni mdogo. Hawa watu mtakutana sokoni Mbuyuni.

Nimwajiri kijana anijibie?

Kijana anaweza kukuonyesha maswali yalipo, kupiga picha, kupanga katalogi. Majibu yatoke kwako. Muuza vifaranga wa Ngaramtoni akiulizwa kwa nini vifaranga vya wiki mbili vinakufa, lazima aweze kuuliza tena: chanjo ya kideri ulitoa lini, gumboro je, joto usiku likoje, maji unabadilisha mara ngapi? Kijana asiyefuga atajibu "pole sana boss." Rekodi sauti kama huna muda wa kuandika, yeye aandike.

Inachukua muda gani kwa siku? Na matokeo lini?

Nusu saa inatosha, kwa mfano asubuhi kabla ya kufungua na usiku watu wanapotulia. Makundi matatu au manne, si arobaini. Zima sauti ya mengine.

Matokeo hayana tarehe. Kundi la watu wanaokujua linaweza kukupa kazi wiki hiyo hiyo. Sehemu za wazi huchukua miezi, na mtu wa mlima huanza kuuliza muda mrefu kabla ya kupanda ndege. Kama unahitaji hela ya kodi ya mwezi huu, kaposti kochi Nunua na Uza.

Si bora nianzishe kundi langu mwenyewe?

Siyo mwanzoni. Kundi tupu ni mzigo: unaamka na salamu zako, unalala na salamu zako. Anzisha pale watu wanapoanza kukufuata wao kwa wao na maswali yanayofanana. Lipe mada, siyo jina la duka: "Wafugaji wa kuroiler Arumeru" litaishi, "Wateja wa Mama Neema Vifaranga" litakufa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwa kundi. Ukifika mia mbili wanaozungumza kweli una kitu kikubwa.

Wateja wako wa kweli waandike pia kwenye daftari, jina na namba, kwa ruhusa yao. Mtandao wa X ulizuiwa nchini Mei 2025, na Septemba mwaka huo leseni ya JamiiForums ikasimamishwa kwa siku 90. Waliokuwa na wateja wao wote sehemu moja walihangaika.

Nitajuaje kama inafanya kazi?

Kila mteja mpya muulize, "Umetupataje?" na uandike alivyosema. WhatsApp Business ina lebo za rangi. Weka moja kwa kila kundi. Baada ya msimu mmoja utaona kundi ulilolipenda kwa kelele zake halijaleta mtu, na lile la waliomaliza sekondari 2009, ambalo hata hukumbuki kulijibu, limeleta watatu na kila mmoja akaleta shemeji.

Kuna biashara ambayo hii haifai?

Ipo. Chakula cha mchana cha mtaani, bodaboda, vocha, chochote ambacho mteja anachagua kwa sababu kipo karibu. Hapo kaa kijiweni, mahali panapoonekana. Na kama kazi yako kwa sasa ina malalamiko mengi, yamalize hayo kwanza kabla ya kuingia kundi lolote, kwa sababu wenye malalamiko nao wamo humo.